Mkopo wa Halmashauri Uendane na Msimu: Ushauri kwa Vikundi vya Vijijini

Kwa mwananchi wa kijijini nchini Tanzania anayetaka kuanzisha au kukuza biashara, mpango wa Serikali ulio karibu naye zaidi ni mikopo ya halmashauri, ile ambayo wengi tunaiita kwa kifupi "asilimia kumi". Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba kwa vikundi vya wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake kinachokamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Tumekopa, tumerejesha, na sasa wenzetu wa vijiji jirani huja kuuliza tulifanyaje. Swali lao la kwanza huwa ni kiasi gani waombe. Mimi huwarudisha kwenye swali ninaloliona kubwa zaidi: fedha hizo mnazihitaji mwezi gani?

Biashara ya alizeti huamuliwa na ununuzi wa malighafi. Mavuno hutoka kati ya Mei na Julai, na katika wiki hizo kila mkulima anauza kwa sababu ana madeni, ana ada za watoto na hana pa kuhifadhi magunia. Bei huwa chini. Kufikia Oktoba alizeti imeshaondoka kijijini kwa malori ya wanunuzi wakubwa, iliyobaki imepanda bei, na mashine ndogo nyingi husimama kwa kukosa cha kukamua. Kikundi kinachopata mkopo mwezi wa tano hununua magunia ya kutosha kukamua kwa miezi mingi. Kikundi hichohicho kikipata kiasi kilekile mwezi wa kumi na moja hununua kidogo kwa bei kubwa, kisha marejesho huanza kudaiwa wakati faida haipo. Nimeona vikundi vyenye watu waaminifu na wachapakazi vikiingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu kwa sababu hiyo tu.

Ugumu ni kwamba kalenda ya halmashauri haifuati kalenda ya shamba. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na kwa halmashauri za vijijini sehemu kubwa ya mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, ambao nao hukusanywa wakati mazao yanauzwa. Fedha za kukopesha hupatikana kadiri makusanyo yanavyoingia, kwa hiyo ni rahisi sana zikatoka baada ya msimu wa kununua kupita. Kikundi hakiwezi kubadili utaratibu huo, lakini kinaweza kuuzunguka kwa kutanguliza maombi. Ushauri wangu ni kwamba jalada lenu liwe limekamilika kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza, yaani katiba ya kikundi, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao kilichoridhia mkopo, namba za vitambulisho vya taifa za wanachama wote, akaunti ya benki na andiko la mradi, ili maombi yapite kwenye kata na kwenye kamati ya halmashauri wakati bado kuna nafasi ya kupata fedha kabla ya Mei. Na ndani ya andiko hilo mwandike wazi kwamba fedha ni za kununulia malighafi, na kwamba zikitoka baada ya msimu mtaomba zitolewe msimu unaofuata. Baadhi ya wanachama watanung'unika, maana kukataa fedha iliyokwisha kuidhinishwa si jambo jepesi. Hata hivyo deni lisilo na riba bado ni deni.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wa kuanza naye, na asiwe mtu wa kumwona siku ya kupeleka fomu tu. Mwalikeni kwenye vikao vyenu vya kawaida, aone daftari la hisa na akiba, aone mnavyogombana na mnavyopatana. Atakapokaa mbele ya kamati kuulizwa kama kikundi kipo kweli, atajibu kwa alichokiona kwa macho yake. Hilo lina uzito kuliko zamani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa pamoja na vikundi hewa, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hii ili kupanga utaratibu bora. Iliporejea mwaka 2024, halmashauri 10 za majaribio, zikiwemo Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli, zilipangiwa kutoa mikopo kupitia benki, na uhakiki umekuwa mkali kila mahali. Vikundi vya kweli viliumia katika kipindi kile cha kusitishwa, nami bado nina uchungu nacho, kwa sababu msimu mzima uliwapita watu ambao hawakudaiwa hata shilingi moja.

Kuhusu mashine, nina onyo moja. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha umeme katika vijiji ambavyo miaka michache iliyopita vilitegemea vibatari na jenereta, na hiyo ni kazi kubwa ambayo kila mfanyabiashara wa kijijini anapaswa kuishukuru. Lakini waya uliopita mbele ya nyumba yako si lazima uwe na njia tatu, yaani umeme mkubwa wa kuendeshea mashine, na mota ya mashine ya kukamua yenye uwezo wa maana kwa kawaida huhitaji umeme wa njia tatu. Nendeni ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, na kuuliza kabla ya kulipia mashine: transfoma iko wapi, inabeba kiasi gani, na kuvuta njia tatu hadi kwenye banda lenu kutagharimu nini. Gharama hiyo iingie kwenye andiko la mradi. Katika kijiji kimoja nilichotembelea, mashine nzuri, bado na rangi yake ya kiwandani, ilikuwa imefunikwa turubai huku kuku wakitaga chini yake, ikisubiri nguzo.

SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Barua yake ya utambulisho pia hurahisisha safari ya kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Itafuteni mapema, kwa kuwa mafuta yasiyo na alama hayapokelewi kwenye maduka makubwa ya mjini.

Na ajira? Kamati hupenda kusikia idadi, na vikundi vingi huandika majina ya wanachama wao wenyewe. Tazameni zaidi ya hapo. Kwetu, msimu ukishika, vijana hulipwa kwa kupakua magunia, wengine hupepeta na kuondoa mawe, fundi wa kijiji hunoa na kubadili vipuri, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, hununuliwa na wafugaji wa kuku, ambao baadhi yao walianza kufuga baada ya kuona chakula kinapatikana karibu. Andikeni hayo yote pamoja na miezi ambayo kila kazi hufanyika, kwa sababu ajira ya vijijini ni ya msimu na kamati inayoelewa hivyo itapanga marejesho yaendane nayo. Ombeni marejesho makubwa katika miezi ya mauzo na madogo katika miezi ya kilimo. Ombi hilo linaweza kukataliwa, lakini liwemo kwenye maandishi, na diwani wenu alisikie kutoka kwenu kwenye mkutano wa hadhara, maana bajeti ya halmashauri hupita mikononi mwa baraza analokaa yeye.