Re: Nibadilishe amplifaya ya wati 50 niweke ya 100?

Mkuu usinunue kwanza. Umesema uko Mwanga hapo Kigoma, sauti ya mwimbaji haitoki vizuri sebuleni ndo unataka wati 100. Sasa kutoka 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linasikia imepanda kidogo basi, ili usikie kama imepanda mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi!

Mi naona shida ni chumba. Chini tailizi tupu, spika umezibana kwenye kona, hapo besi lazima ivume imfunike mwimbaji. Zivute mbele hata nusu mita toka ukutani, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, halafu tandika zulia nene hapo mbele yako na dirishani pazia zito.

Alafu usiku bodaboda zikipungua weka dansi la zamani, hata kama ni mono (sauti ileile spika zote mbili) mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa pale ambapo hakuna spika, unamsikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya kuingia ubeti. Aisee huo utamu mi siubadilishi na wati zozote.

Ikigoma, angalia nyuma ya spika sensitiviti (yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja) imeandikwa ngapi uje useme hapa. Ya desibeli 90 ukilinganisha na ya 87 ni sawa na kudabo amplifaya bila kununua amplifaya.