Usishangilie jani nene: yaliyonikuta nikizidisha kromosomu za jabera

Mwaka wa kwanza nilijidanganya sana. Niko Wakiso, Uganda, nina kachumba nyuma ya nyumba nimekageuza laba, nazalisha maua ya jabera kwenye chupa, nikasema wacha nizidishe kromosomu (vile vibeba urithi vya ndani ya seli) nipate ua kubwa na bua nene, nikaloweka vichipukizi kwenye kolchisini, dawa ya kuzidisha kromosomu, baadaye majani yakatoka mazito, kijani kimekolea, nikampigia mteja hapo hapo. Kuchanua sasa! Mche mmoja maua ya sura mbili, mingine imerudi ukubwa ule ule wa zamani.

Kumbe kolchisini inazuia nyuzi zinazovuta kromosomu huku na huku seli ikigawanyika, basi kromosomu zinajirudia lakini seli inabaki moja, zile 50 za jabera zinakuwa 100. Ila inazipata seli zilizo katikati ya kugawanyika tu, zingine zinaponea, na hizo za kawaida zinakimbia kuzishinda zilizozidishwa. Ndo unapata mche wa viraka.

Siku hizi naloweka vichipukizi vidogo kabisa, 0.1%, saa 48, gizani maana mwanga unaiharibu dawa, nasuuza mara tatu kwa maji yaliyopita otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), halafu kila kichipukizi kipya cha pembeni nakikata nakipa chupa yake na namba, narudia hivyo raundi tatu au nne. Vingi vinakufa, sawa tu, vikipona vyote mimi ndo naanza kuwa na wasiwasi. Na vaa glavu jamani, hiyo ni sumu kali, usimwage kwenye sinki!

Kupima bila mashine za bei: paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, ikikauka ibandue kwa selotepu, weka kwenye hadubini. Stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, za mche uliozidishwa ni kubwa na zimeachana. Lakini hapo umeona ngozi tu, ndani yaweza kuwa vingine, kwa hiyo nahesabu pia kromosomu kwenye ncha ya mzizi.

Kuna jirani aliniuliza kama maua hayo hayana madhara, nikamwambia mama, matoke unayokula kila siku yana seti tatu za kromosomu badala ya mbili, ndo maana huoni mbegu.

Halafu miche inayokua polepole usiitupe. Mimi nilikuwa nimeshaweka chupa tano kwenye ndoo ya taka, nikapima moja kwa udadisi tu, ikawa na kromosomu 100.