Maswali na majibu: Tezi kwanza, kisu baadaye

Safari hii barua zimenijia kwa mkupuo, na karibu zote zinazunguka jambo moja: msomaji ana tatizo la tezi ya shingo, na anataka kupunguzwa tumbo, mapaja au mikono kwa upasuaji wa urembo. Nimekuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nameza kidonge cha tezi kila asubuhi, kwa hiyo mambo haya nayajua nikiwa nimesimama kando ya kitanda na nikiwa nimelala juu yake. Tezi ninayoisema ni ile yenye umbo la kipepeo, iliyokaa chini kidogo ya koromeo. Nalazimika kusema hivyo kwa sababu kaka mmoja ameniandikia kurasa mbili nzuri sana kuhusu tezi dume. Kaka, barua yako nimeiweka, zamu yako itafika.

Dada, tezi yangu imelala, huu ni mwaka wa tatu nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi. Naweza kunyonywa mafuta na kukazwa tumbo, au nisahau kabisa?

Usisahau. Tezi iliyolala, yaani inayotoa homoni kidogo mno, ikishaamshwa kwa dawa na vipimo vikatulia, yenyewe haikufungii mlango. Uzito wote uko kwenye hilo neno "vikatulia". Kipimo chenyewe ni TSH, homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ifanye kazi, na tezi ikilala yenyewe hupanda. Maabara nyingi huhesabu TSH ya kawaida kuanzia karibu 0.4 hadi 4. Ningekuwa wewe, nisingelipa hata malipo ya awali kabla sijawa na majibu mawili yanayofuatana yaliyo ndani ya kiwango hicho, nikiwa kwenye dozi ileile.

Sababu yake ni kwamba mwili uliopungukiwa na homoni ya tezi hufanya kila kitu polepole. Moyo hupiga taratibu, dawa za usingizi na za maumivu hukawia kutoka, joto la mwili hushuka, choo kinakuwa kigumu na kidonda huchelewa kufunga. Namkumbuka mama mmoja ambaye tezi yake ilikuwa imelala na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwamo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Waliofanyiwa siku ile ile walikuwa wameshaamka na kuomba chai, yeye bado tunamwita jina, tunampapasa mkono wa baridi na kumwongezea blanketi. Aliamka salama, lakini saa zile zilikuwa ndefu.

Kama una goita, hata ndogo, mwambie daktari wa usingizi mapema. Atakwambia ufungue mdomo, urudishe kichwa nyuma, umeze mate, na atakuuliza kama ukilala chali unahisi kukabwa. Uvimbe wa shingo unaweza kusukuma njia ya hewa upande, na hilo hatakiwi kuligundua akiwa ameshika mpira wa kupumulia na wewe umeshalala.

TSH yangu imetoka 11 na dozi imeongezwa wiki hii. Upasuaji ni baada ya wiki tatu. Mpasuaji hajaniuliza lolote kuhusu tezi. Niendelee?

Hapana. Ahirisha.

Dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kufikia usawa mpya. Katika wiki tatu hutajua ulipo. Ingekuwa utumbo umepasuka, tungekuingiza chumbani usiku huu huu na TSH yako hiyo hiyo. Lakini nyama za kiunoni hazina dharura.

Na huyo asiyeuliza kuhusu dawa unazomeza ananitia wasiwasi kuliko hiyo 11. Mpelekee majibu mkononi, mwambie awasiliane na daktari wako wa homoni. Akikujibu kwamba tezi haihusiani na tumbo, tafuta mwingine.

Nimeongezeka kilo 18 tangu tezi ilale. Nikinyonywa mafuta, si nitakuwa nimezitoa zote?

Dada yangu, hapa tukae kidogo.

Kwanza, tezi iliyolala mara nyingi huleta kilo chache tu, tuseme 2 hadi 5, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi, si mafuta. Zilizobaki zina sababu nyingine, na kuitwika tezi mzigo wote kutakufanya usizitafute.

Pili, kuna unene wa tezi ambao mrija wa kunyonyea hauuwezi. Homoni ikipungua sana, chini ya ngozi hujikusanya vitu vya sukari vinavyoshika maji, ndiyo maana uso huonekana umejaa na kope huvimba asubuhi. Bonyeza mguu kwa dole gumba, juu ya mfupa wa mbele, kisha achia. Uvimbe wa maji wa kawaida huacha shimo. Huu wa tezi hurudi juu kama mpira. Ukiona hivyo, dawa yake ni kidonge na subira, na mpasuaji atakayeuweka kwenye hesabu ya mafuta atakuwa amekuchora umbo ambalo miezi mitatu baadaye halipo.

Tatu, kunyonya mafuta hakukuundwa kupunguza uzito. Ni kazi ya kuchonga sehemu iliyokataa kupungua kwa mtu ambaye uzito wake umetulia, na wapasuaji wengi hutaka uwe umetulia angalau miezi 6. Kikinyonywa kinachozidi lita 5 kwa mkupuo, wenyewe huita kazi kubwa, na ndani ya hizo lita kuna maji na damu pia. Wala afya ya ndani haibadiliki sana: mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 15 wanene walionyonywa kwa wastani kilo 9 hadi 10 za mafuta. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, presha, sukari na lehemu havikuwa vimepata nafuu.

Kwa hiyo tuliza tezi, halafu jitazame upya kwenye kioo. Wengine hufika hapo wakakuta wanachotaka kukatwa ni ngozi iliyolegea tu, na huo ni upasuaji mwingine kabisa.

Mimi tezi yangu imechachamaa, siyo kulala. Natumia kabimazoli ya kuituliza tezi na propranololi ya kupunguza mbio za moyo. Nimeambiwa kunyonya mafuta kwa ganzi ni kazi ndogo, naondoka siku hiyo hiyo.

Kwako wewe si ndogo.

Tezi iliyochachamaa, yaani inayotoa homoni kupita kiasi, isipodhibitiwa, upasuaji unaweza kuiwasha moto: homa kali, moyo unakimbia, mtu anachanganyikiwa. Wataalamu huita dhoruba ya tezi, na huua. Hutokea mara chache, ila mara nyingi huwa na kilichoichokoza, na kisu ni mojawapo ya vichokozi vyake.

Kisha kuna hayo maji ya ganzi. Ili kunyonya mafuta, daktari huingiza chini ya ngozi maji mengi yenye chumvi, lidokeini ya kufisha maumivu na adrenalini ya kubana mishipa isivuje damu. Adrenalini kwa moyo ambao tayari unakimbia ni kumwaga petroli jikoni. Propranololi nayo hupunguza kasi ya mwili kuiondoa lidokeini, na lidokeini ya namna hii hufika kilele kwenye damu saa nyingi baadaye, hata saa 12 na zaidi, wakati umeshalala kwako na hakuna anayekuangalia. Ikikutana na adrenalini, propranololi inaweza pia kupandisha presha ghafla. Usiiache kwa kuogopa hayo, maana kuikatisha ghafla ni hatari nyingine. Unachotakiwa ni kutaja kila dawa kwa jina na kwa miligramu, na kusubiri hadi daktari wa homoni aandike kwamba tezi imedhibitiwa.

Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, kabla ya upasuaji au baada, kapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho.

Rafiki yangu ananishauri nimeze vidonge viwili vya tezi badala ya kimoja ili niingie kwa mpasuaji nikiwa mwembamba.

Rafiki yako anakupenda, ila kwa hili amekuponza. Ukizidisha levothairoksini unajitengenezea tezi iliyochachamaa kwa mkono wako, na maelezo ya dawa yenyewe yanaonya isitumike kupunguza uzito. Utakachopunguza kwanza ni usingizi na misuli. Soma tena jibu la hapo juu.

Asubuhi ya upasuaji naambiwa nisile wala kunywa. Kidonge je?

Kwa kawaida unameza, kwa funda moja dogo la maji, na vivyo hivyo kabimazoli na propranololi. Thibitisha na daktari wa usingizi siku moja kabla. Ukikisahau usipaniki: nusu ya levothairoksini hukaa mwilini kama siku 7, kwa hiyo kukosa siku moja hakukuangushi.

Linalosahaulika zaidi ni baada ya upasuaji. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya damu, usivimeze pamoja na kidonge cha tezi. Viachanishe kwa muda wa saa 4. Kalsiamu nayo hivyo hivyo.

Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, acha angalau siku 2 kabla ya kupima. Bayotini huweza kuipotosha mashine ya maabara, majibu yakaonyesha tezi imechachamaa kumbe bado imelala.

Nilijifungua miezi 7 iliyopita. Tumbo limenilegea, nimechoka, nywele zinadondoka, na juzi nimeambiwa tezi haiko sawa. Nataka kukazwa tumbo mwaka huu.

Hongera kwa mtoto, na pole kwa uchovu. Kuna ugonjwa wa tezi unaokuja ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mara nyingi huanza kwa kuchachamaa miezi ya mwanzo, kisha tezi inalala, na miezi 7 ndiyo hasa kipindi cha kulala. Wengi hupona wenyewe ndani ya miezi 12 hadi 18, wengine hubaki na vidonge. Ukikatwa sasa, utakuwa umekata tumbo ambalo halijamaliza kurudi, juu ya tezi isiyojulikana inakoelekea. Subiri. Na kama unafikiria mtoto mwingine, subiri huyo naye azaliwe, kwa sababu mimba itaifumua kazi yote.

Nachoma sindano za semaglutaidi za kupunguza uzito kila wiki. Zinagombana na tezi au na upasuaji?

Na tezi iliyolala, hapana. Anayekatazwa ni mwenye saratani ya tezi aina ya medula, yeye au ndugu wa damu. Ila uzito ukishuka sana, dozi ya levothairoksini inaweza kuwa kubwa mno kwako, kwa hiyo pima tena.

Na upasuaji, ndiyo. Sindano hizo huchelewesha chakula tumboni, na chakula kilichobaki kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa kwenye nusu kaputi. Wengine huambiwa waruke sindano ya wiki, wengine wanywe vitu vya majimaji tu saa 24 kabla. Usijiamulie mwenyewe, mwulize daktari wa usingizi.

Nimefanyiwa mwezi uliopita. Nimevimba, nimechoka, najuta. Ni tezi au ni upasuaji?

Mwezi mmoja ni mapema mno kujuta. Uvimbe wa kunyonya mafuta hupungua kwa wiki na wiki, na umbo halisi huonekana miezi 3 hadi 6 baadaye. Endelea na vazi la kubana kwa muda ulioelekezwa. Lakini kama uchovu unazidi badala ya kupungua, unahisi baridi wenzako wakilalamika joto, na choo kimekwama hata baada ya kuacha dawa za maumivu, nenda kapime TSH, na siku hiyo jiulize kidonge umekuwa ukikimeza na nini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, au pumzi ikikata, acha kusoma hapa na ukimbie hospitali sasa hivi.