Jason ni shujaa, au ni jina tu?

SWALI: Nimewaandikia wanafunzi wangu kwa Kiswahili kisa cha Jason wa Ugiriki na ngozi ya kondoo ya dhahabu. Mwalimu mwenzangu kafuta kila penye "shujaa". Anasema mtu aliyemtelekeza Medea, mke aliyemwokoa, ili amwoe binti mfalme wa Korintho, haitwi shujaa. Je, ni kweli?

JIBU: Kufuta, kafuta vyema. Sababu aliyoitoa ndiyo siikubali.

Shujaa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ni mtu asiyeogopa. Tunasema "mtoto shujaa, hakulia alipodungwa sindano", wala hatuulizi kama jana aliiba sukari. Methali nayo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kinyume cha shujaa ni mwoga, si mwovu.

Nadhani mwenzako anamsikia shujaa wa taifa. Kenya wana Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Tanzania Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na hapo shujaa ni mtu wa kushukuriwa. Ni matumizi halali, ila Wagiriki wa kale hawakuwa nayo. Neno lao, hērōs, Homer, mtunzi wao wa tenzi, alimwita hata Demodocus, mwimbaji kipofu. Pausanias, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia habari za Cleomedes, bondia aliyenyimwa ushindi wa Olimpiki kwa kumuua mpinzani wake. Akarukwa na akili, akaangusha nguzo ya shule, paa likawafunika watoto wapatao 60. Hekalu la Delphi, yaani pale walipokwenda kuuliza neno la miungu, likajibu: mtoleeni sadaka, huyo ni hērōs.

Basi Jason tumpime kwa moyo, si kwa ndoa. Fahali wapumuao moto aliwafunga nira, lakini Medea alikwisha kumpa dawa ya kujipaka, moto wala chuma visimdhuru siku hiyo. Watu wenye silaha walipoota ardhini kutoka meno ya joka aliyoyapanda, Medea ndiye aliyekuwa amemfundisha kuwatupia jiwe katikati wauane wenyewe. Penye joka lililolinda ngozi mambo ni mabaya zaidi. Apollonius, aliyeitungia safari hiyo utenzi katika karne ya 3 KK, anamtanguliza Medea akiliimbia joka lisinzie. Jason anafuata nyuma, kaingiwa na hofu. Hofu hiyo kaitaja mtunzi mwenyewe, sijaiongeza mimi. Ukiandika hapo "shujaa akamfuata Medea", msomaji atacheka, na pengine ndivyo utakavyo.

Andika "Jason", au "kiongozi wa msafara". "Mhusika mkuu" ni la uhakiki, halimsifu mtu wala kumlaumu, lakini angalia: katika tamthilia ya Euripides ya mwaka 431 KK, mhusika mkuu ni Medea. Wako wanaopenda "nguli". Mimi silipendi hapa, maana redioni nguli ni bingwa wa muziki au wa soka, na sifa uliyoifukuza mlangoni itarudi kwa dirishani.

Mahali pamoja tu ningelirudisha neno lililofutwa: pale wanapopanda Argo, merikebu ya msafara, Heracles mwenye nguvu akiwamo. Andika "mashujaa wakashika makasia", Jason naye apate fungu lake humo kwenye wingi.