Kiraka kilikuwa kwenye diski, mdukuzi akawa ndani

Juzijuzi msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha: "Dada, seva yangu imefikisha siku 611 bila kuzimwa hata mara moja. Sasa naweza kujiita mhandisi." Akaambatanisha na picha ya skrini. Sikumjibu siku nzima. Ujumbe wake ulinirudisha mahali nisipopenda kurudi, kwa sababu mimi nami niliwahi kuwa na namba ya kujivunia kama hiyo. Yangu ilikuwa 287.

Nitasimulia kisa chote. Najua wengi mnaosoma hapa mnakitaka kile nilichokitaka mimi: kukabidhiwa mashine za watu, na usiku zikiwa salama jina litajwe kuwa ni lako.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni 2022. Nilikuwa nikitunza seva za kampuni iliyohifadhi tovuti za wateja. Ile kubwa kuliko zote ilikuwa ya Linux, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya toleo la 5.10, na niliiwasha mwenyewe Agosti 2021. Tangu siku hiyo haikuzimwa. Kila Jumatatu asubuhi niliendesha masasisho, sikuruka hata wiki moja, na kila mara kerneli mpya ilipoingia mfumo uliniandikia kwamba mashine inahitaji kuwashwa upya. Niliusoma ujumbe ule. Kisha nilifunga dirisha na kwenda kufanya kazi nyingine.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ningependa lieleweke vizuri. Programu nyingine ukiisasisha, unaisimamisha na kuianzisha tena, yamekwisha. Kerneli sivyo. Inapakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka, na inabaki hiyo hiyo hadi mashine izimwe. Faili mpya za kerneli unazoziona kwenye folda ya /boot ni faili tu. Zinaweza kukaa pale miezi, zimepangwa vizuri, huku kerneli inayofanya kazi ikiwa ile ile yenye tundu. Mimi nilikuwa na kerneli nne mpya kwenye diski, na iliyokuwa ikiendesha mashine ilikuwa ya Agosti.

Sasa nenda nami hadi Februari mwaka ule. Mhandisi anayeitwa Max Kellermann alikuwa amehangaika kwa miezi na faili za logi zilizobanwa, ambazo mara kwa mara ziliharibika baiti chache za mwishoni. Wengi wetu tungelaumu diski au kumbukumbu, tukabadilisha kifaa na kuendelea. Yeye hakuacha. Alifuata zile baiti hadi ndani ya kerneli, akakuta kwamba kwenye sehemu inayoshughulikia mabomba ya kupitishia data kuna mahali ambapo bafa mpya (nafasi ya kushikia data kwa muda) inatolewa bila alama zake za zamani kufutwa. Alama mojawapo husema kwamba data inayofuata inaruhusiwa kuunganishwa kwenye ukurasa uliopo, yaani kipande kile cha kumbukumbu. Kama ukurasa huo ni wa faili iliyo kwenye kache (nakala inayowekwa kwenye kumbukumbu), basi mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu anaweza kuiandika faili hiyo. Soma tena sentensi hiyo. Ruhusa ya kusoma inatosha kuandika.

Dosari hiyo ikaitwa Dirty Pipe, nambari yake kwenye CVE, orodha ya dosari za usalama, ni CVE-2022-0847, na iliwezekana kutumiwa vibaya tangu kerneli ya 5.8. Tiba yake, yaani kiraka, ni mstari mmoja wa msimbo ulioongezwa mahali pawili: buf->flags = 0; basi. Kellermann aliwaarifu watunzaji wa usalama wa kerneli tarehe 20 Februari. Tarehe 23 yakatoka matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Maelezo kamili, pamoja na msimbo wa kuonyesha jinsi mwanya unavyotumika, yalitangazwa tarehe 7 Machi. Hesabu mwenyewe siku zilizopita kati ya matoleo hayo na tangazo: 12. Watu hufanya kazi usiku na mchana ili kiraka kitangulie mbele ya mwizi, halafu sisi tunakiacha mlangoni.

Kwangu kiraka kilifika Machi. Nilikisoma, nikakielewa, na nakiri kwamba niliogopa. Nikamwandikia bosi nikiomba dakika kumi za usiku niwashe seva upya. Akajibu kwamba wateja watalalamika, na kwamba mwanya wenyewe ni wa ndani: anayeutumia lazima awe tayari na akaunti kwenye mashine, na sisi hatumpi mteja akaunti. Barua ile ninayo hadi leo. Lakini ukweli wote usemwe. Sikumwandikia mara ya pili. Moyoni nilifurahi aliponikatalia, kwa sababu namba yangu ilikuwa imevuka 200 na niliitaka ifike 365.

Hoja ya "mwanya wa ndani" ndiyo iliyoniangusha, na bado naisikia kila wiki kutoka kwa watu wenye akili kunizidi. Mdukuzi haombi akaunti. Mteja wetu mmoja alikuwa na programu-jalizi ya zamani kwenye tovuti yake, iliyoruhusu mtu yeyote kupakia faili. Mtu akapakia, faili ikatekelezwa, na tangu dakika hiyo alikuwa ndani ya mashine akiwa mtumiaji yule yule anayeendesha seva ya wavuti. Mtumiaji huyo hana nguvu yoyote. Anaweza kusoma /etc/passwd, faili yenye orodha ya watumiaji wa mashine, kama anavyoweza mtumiaji mwingine yeyote. Na kwenye kerneli ile, kusoma kulitosha.

Niliitwa Ijumaa usiku. Prosesa zote zilikuwa zimejaa asilimia mia. Kulikuwa na mchakato wenye jina nisilolijua, mmiliki wake root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), ukichimba sarafu za kidijitali. Nilifungua /etc/passwd nikaona mstari wa root umebadilika: palipopaswa kuwa na herufi x, inayosema nywila imewekwa kwingine, palikuwa na mlolongo mwingine kabisa. Nikatazama tarehe ya faili. Ilikuwa ya zamani, ya miezi mingi nyuma, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Mikono ilinitetemeka. Nikafanya kitu ambacho sikukifanya kwa siku 287: nikaiwasha upya seva.

Ilirudi baada ya dakika tatu. Dakika tatu! Nikafungua tena /etc/passwd, na ilikuwa safi, x mahali pake. Dirty Pipe hubadilisha ukurasa ulio kwenye kache ya kumbukumbu bila kerneli kuuhesabu kuwa umeandikwa, kwa hiyo badiliko halishuki kwenye diski isipokuwa kitu kingine kikisababisha. Nilipozima mashine, nilizima na ushahidi. Sikuwa nimenakili kumbukumbu wala kupiga picha ya skrini.

Kikao cha Jumatatu sikisahau. Bosi alisema mbele ya wote kwamba mwenye seva ni mimi na kiraka kilikuwepo tangu Machi. Nikaitoa barua yake. Hakuna aliyetaka kuisoma. Waliokuja kuchunguza waliuliza ushahidi wa faili iliyobadilishwa, nikawa sina. Tuliijenga mashine upya kutoka mwanzo, kwa sababu mashine iliyoingiliwa hadi root haiaminiki tena hata ukiifagia vipi, na wateja wawili wakahama. Miezi mitatu baadaye niliondoka. Hilo neno "mwenye seva ni wewe" bado linanichoma, ingawa leo naona kwamba alikuwa na nusu ya haki.

Ndiyo maana nasema, washeni upya mashine zenu. Kwanza angalieni mnaendesha nini. Amri ni uname -r, na kwenye baadhi ya distro (aina za Linux zinazosambazwa) jina hilo halibadiliki kwa kila kiraka, hivyo ongezeni uname -v muone toleo kamili. Linganisheni na lililoko kwenye diski. Yakitofautiana, bado hamjasasisha chochote, hata kama ripoti yenu ina alama za kijani kuanzia juu hadi chini.

Halafu wekeni siku. Mimi nina usiku mmoja kila wiki mbili, na kikitokea kitu kama Dirty Pipe sisubiri zamu. Seva moja ikiwa haiwezi kuzimwa kwa dakika tatu, tatizo ni kwamba ni moja. Zikiwa mbili, unazima hii wakati ile inahudumia. Kuna viraka vinavyobandikwa kerneli ikiwa inaendelea kufanya kazi, uwezo ulioingia tangu kerneli ya 4.0 mwaka 2015, na mimi huvitumia. Lakini si kila dosari inatibika kwa njia hiyo. Ukivifanya kisingizio cha kutowasha upya mwaka mzima, umerudi nilipokuwa.

Na acheni kuchagua viraka kimoja kimoja. Zamani nami nilikuwa nasubiri nambari ya CVE ndipo nishtuke. Tangu Februari 2024 mradi wenyewe wa kerneli ndio unaotoa nambari hizo kwa dosari zake, nazo ni nyingi mno kwa mtu mmoja kukaa akipima ipi inamhusu. Matoleo thabiti ya kerneli hutoka karibu kila wiki, na ndani yake kuna marekebisho ambayo hakuna aliyejua siku ile kwamba ni ya usalama. Chukueni toleo zima. Dirty COW, dosari nyingine ya kerneli, iliwezekana kutumiwa vibaya tangu 2.6.22 ya mwaka 2007 hadi Oktoba 2016, na mzizi wake ni wa zamani zaidi. Linus Torvalds mwenyewe aliandika alipoirekebisha kwamba alijaribu kuitibu miaka kumi na moja nyuma na hakufanikiwa. Kama aliyeianzisha kerneli hakuiona hatari yake yote, wewe na mimi tutajuaje kwa kusoma kichwa cha habari ni kiraka gani cha kuruka?

Mtaniuliza, je, toleo jipya likivunja kitu? Litavunja, siku moja. Lilinivunjia. Mwaka jana baada ya kuwasha upya, kadi ya mtandao kwenye mashine yangu ya majaribio ikawa inapoteza pakiti. Nilichagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, huduma ikarudi, ndipo nikatulia na kutafuta. Kati ya toleo zuri na bovu kulikuwa na mabadiliko zaidi kidogo ya 200. Kwa git bisect, zana ya kusaka badiliko lenye kosa, unagawa nusu, unajenga, unajaribu, unagawa tena. Hatua nane na badiliko lenye kosa likasimama peke yake. Niliwapelekea watunzaji maelezo, na kiraka kilipotoka kilikuwa na mstari wa Fixes unaoelekeza kwenye badiliko lile, na chini yake Reported-by (aliyeripoti) na jina langu. Jina langu liko kwenye historia ya kerneli. Nililitazama mara nyingi siku ile, na sioni aibu kusema nililia. Hilo nililipata kwa kuwasha upya mashine mara kwa mara. Ningekuwa bado nahesabu siku, kadi ile ingenivunjikia pamoja na mabadiliko elfu kadhaa kwa mpigo na nisingejua pa kuanzia.

Kwa hiyo bakizeni kerneli ya awali kwenye diski, na anzeni na mashine ya majaribio. Na mkikataliwa dakika kumi, ombeni tena wiki inayofuata, na inayofuata, kwa maandishi. Mimi niliomba mara moja tu. Washeni upya, ndugu zangu. Nawasihi kama mtu aliyekaa kwenye kile kikao.

Yule msomaji nilimjibu hatimaye. Nilimwandikia maneno machache na amri mbili za kuendesha. Alikaa kimya siku nzima, nikadhani nimemkwaza. Jana usiku akatuma picha nyingine: toleo jipya, aptaimu (muda tangu mashine iwashwe) dakika 4. Chini yake akaandika kwamba hifadhidata haikuwaka yenyewe, kwa kuwa muda wote huo hakuna aliyekuwa ameiwekea ianze mashine inapowaka. Tumeirekebisha pamoja leo asubuhi, na Alhamisi ataiwasha upya tena aone kama imeshika.