Video ya harusi imejaa viboksi gizani: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimehamishia kwenye kompyuta mikanda ya MiniDV ya harusi ya wazazi wangu, saa mbili, GB 26 hivi. Nikaibana kwa HandBrake, programu ya kubana video, hadi MB 700 niweze kuwagawia ndugu. Sasa ukumbini, kwenye mwanga hafifu, ukuta umekuwa viboksi vitupu, na watu wakianza kucheza ndiyo kabisa. Kamera ilikuwa mbovu? Au nihamie H.265, ile mbinu mpya zaidi ya kubana video? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua faili la awali, lile la GB 26, kwa VLC, programu ya kuchezea video. Nenda mahali palepale palipoharibika, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja, yaani picha moja tuli. Ukuta ukiwa na chembechembe zinazochezacheza lakini hauna viboksi, kamera na mkanda havina kosa. Ukikuta viboksi hata humo, vyenye kingo kali, vinavyotokea ghafla fremu moja au mbili na kutoweka, basi mkanda ulisomwa vibaya. Safisha hedi ya kamera kwa mkanda wa kusafishia, kisha nakili upya sehemu hiyo. Hilo halirekebishwi na mpangilio wowote wa kubana.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naona kosa liko kwenye ule ukubwa wa MB 700. Piga hesabu: ukigawa MB 700 kwa sekunde 7,200 unapata chini ya kilobiti 800 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), sauti ikiwemo. DV, mfumo wa mikanda yako, hutumia megabiti 25 kwa sekunde kwa picha peke yake.

H.264, mbinu ya kubana video iliyotangulia H.265, hukata picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na ndani yake mingine midogo zaidi. Biti zikiwa haba, kinachotupwa kwanza ni tofauti ndogondogo za mwanga na rangi. Sasa ukuta ulio gizani hauna kingine isipokuwa tofauti ndogondogo. Zikitupwa, kila mraba unabaki na rangi moja, na mpaka wake na jirani unajitokeza. Kipo kichujio ndani ya H.264 cha kulainisha mipaka hiyo, ila nacho kina kikomo.

Harusi inaongeza ugumu wake. Programu hubana kwa kunakili kisichobadilika kutoka fremu zilizo karibu, na kuandika kilichobadilika tu. Flashi ya mpiga picha ikipiga, ukumbi mzima unabadilika kwa fremu moja, kisha unarudi gizani. Taa za rangi na watu wanaocheza nao hawaipi programu nafasi ya kunakili. Halafu kuna zile chembechembe: kamera ndogo kwenye mwanga hafifu huongeza nguvu ya kipokea picha, na kila chembe inayotokea programu huiona kama jambo jipya. Biti zinaishia kwa chembe, uso wa bibi harusi unakosa.

Kwa hiyo acha kuagiza ukubwa, agiza ubora. Kwenye HandBrake, ukurasa wa video, chagua ubora usiobadilika, wenye herufi RF. Kwa picha ya ukubwa wa DV anzia 19. Namba ikishuka ubora unapanda, na kila hatua 6 faili huongezeka au kupungua karibu mara mbili. Chagua x264, yaani H.264 inayobanwa na prosesa ya kompyuta, si ile inayotumia kadi ya picha. Ya kadi ina kasi lakini kwa ukubwa uleule huacha viboksi zaidi. Kasi iwe Slow. Kwenye kisanduku cha chaguo za ziada andika aq-mode=3, ambayo hupeleka biti zaidi kwenye sehemu za giza.

Washa pia kichujio cha kuondoa mistari, Yadif au Bwdif. Kila fremu ya DV ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, na mtu akitembea kingo zake zinakuwa kama meno ya kitana. Meno hayo hula biti nyingi. Kupunguza chembechembe kwa kichujio cha NLMeans kunasaidia sana, lakini weka kiwango cha chini kabisa. Ukizidisha, hina ya mikononi na lesi ya shela vinafutika, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mama yako atavitafuta.

Usijaribu saa mbili nzima. HandBrake hukuruhusu kubana kipande. Chukua dakika moja iliyo mbaya kuliko zote, uiangalie kwenye televisheni. Ila hakikisha televisheni haiko kwenye mpangilio wa rangi kali, maana huinua giza na kufichua viboksi ambavyo kompyuta haikuonyesha.

H.265 hubana vizuri zaidi, kweli, lakini kwa kilobiti 800 viboksi vitageuka ukungu tu, na televisheni za zamani za ndugu zako huenda zisiifungue. Baki na H.264.

Faili likizidi GB 4, flashi ya kompyuta iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 italikataa. Gawa video sehemu mbili. Usiitume WhatsApp kama video, kwani itabanwa tena. Itume kama dokyumenti. Na kila unapobana upya, anzia kwenye lile la GB 26, kamwe si kwenye la MB 700. Liwekee nakala ya pili kwenye diski nyingine.