Kwa nini timu ya ligi ndogo hufika mtoano ikiwa imepungukiwa

Ndugu uliyeuliza kwa nini Columbus Clippers, timu ya besiboli ya ligi ndogo, walicheza fainali ya ligi yao ya mwaka 2024 bila mpigaji wao hodari Kyle Manzardo, nitakujibu kwa niliyoyaona, kwani ninaishi Columbus, Ohio, na msimu ule nilikuwa Huntington Park, uwanja wao, karibu kila wiki.

International League, ligi wanayochezea Clippers, ina timu 20, na iko ngazi moja tu chini ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Wachezaji wana mikataba na klabu mama, ambayo kwa Clippers ni Cleveland Guardians, hivyo kocha wa Columbus hana uwezo wa kumzuia anayeitwa. Manzardo alipandishwa Mei, akarudishwa Juni, kisha akaitwa tena tarehe 1 Septemba, siku ambayo vikosi vya ligi kuu huruhusiwa kuongezeka kutoka wachezaji 26 hadi 28. Septemba hiyohiyo ndiyo tunayohesabia mechi za mwisho huku chini.

Jioni moja mchezaji wetu mmoja alitolewa katikati ya mechi ilhali hakuwa ameumia. Alivua glavu, akakaa, na baada ya dakika chache wenzake wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja. Mzee niliyekaa naye alisimama na kupiga makofi kabla hakijatangazwa chochote, maana alikwisha kujua kwamba kijana anakwenda juu. Nami nilisimama, ingawa tulikuwa tunapoteza.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa duru mbili. Msimu una mechi 150, nao hugawanywa vipande viwili, na vinara wa vipande hivyo ndio hukutana fainali. Kinara wa duru ya kwanza, inayokwisha Juni, hujihakikishia fainali, halafu hesabu zote huanza upya, na timu iliyobomolewa au iliyoanza vibaya hupata nafasi nyingine. Mwaka ule Omaha Storm Chasers walichukua duru ya kwanza, sisi tukachukua ya pili. Wapo wanaolalamika kwamba kinara wa Juni huweza kulegea hadi Septemba, lakini wanasahau kwamba kikosi cha Septemba mara nyingi si kile cha Juni.

Fainali ya ligi ni ya mechi 3, na anayetangulia kushinda 2 ndiye bingwa. Omaha walitushinda, wakaenda Las Vegas kukutana na Sugar Land Space Cowboys, mabingwa wa ligi ya upande wa magharibi, katika mechi moja pekee, wakafungwa. Mechi moja baada ya safari ya miezi sita naiona kuwa ni kipimo kidogo mno. Zingekuwa hata 3, mrushaji mpira mmoja aliyechoka asingeamua kila kitu.

Wakati huo Manzardo alikuwa Cleveland, na Oktoba Guardians walifika fainali ya American League, mojawapo ya pande mbili za ligi kuu, yeye akiwa kikosini.